Walinzi wa Chemchemi

Salamabila ni mji wa wachimbaji, katika nchi ya Kabambare, huko Maniema. Dhahabu ya Namoya imewavuta watu wengi. Watu wakiongezeka, vyoo na mashimo huongezeka pia. Je, maji ya kunywa yatakuwaje?

Mvua inyeshapo, maji hushuka polepole katika udongo na mchanga. Mchanga huyachuja. Kisha hutokea bondeni: ndiyo chemchemi. Lakini choo kikiwa juu ya chemchemi, tena karibu, uchafu hufuatana na maji. Nayo maji huweza kuendelea kung'aa! Jicho halioni vijidudu vya kipindupindu.

Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu. Daktari John Snow alitafuta habari za wafu, akaona ya kuwa wengi walikunywa maji ya kisima cha Broad Street. Wakuu wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu lilikuwa karibu kabisa na kisima, likivuja. 

Basi, chemchemi hulindwaje? Mawe na kokoto huwekwa penye jicho la maji, na udongo wa mfinyanzi juu yake. Maji hutoka kwa bomba. Upande wa juu huchimbwa mfereji wa kupeleka mbali maji ya mvua. Ua huzuia mbuzi na nguruwe. Vyoo viwe upande wa chini, mita 30 au zaidi. Dhahabu isioshwe hapo, maana wachimbaji wengine hutumia zebaki, nayo ni sumu. Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi zebaki.

Lakini ukuta haujilindi wenyewe. Yafaa kijiji kichague walinzi: mmoja atazame nyufa, mwingine asafishe mfereji, wa tatu atunze fedha za matengenezo na kuzihesabu mbele ya watu wote. Akina mama wawemo, kwani wao huteka kila siku. Maji yakichafuka baada ya mvua, ni alama kwamba maji ya juu yameingia. Hapo watu waambiwe mara moja wachemshe maji, na fundi aitwe.

Maulizo
1. Kwa nini maji yang'aayo huweza kuleta ugonjwa?
2. Choo kijengwe upande gani wa chemchemi?
3. Nani hulinda maji ya kijiji chenu?