Mtumbwi unaovuja: Tiba za nyumbani hufaa kwa kiasi gani?

Samaki wengi wanaofika katika masoko ya Arua na Koboko kutoka Panyimur, Rhino Camp na mialo mingine ya Ziwa Albert na Mto Nile huvuliwa kwa mitumbwi ya mbao. Mtumbwi usipotunzwa huvuja, na si kila mvuvi amuduye kumwita fundi kila mara. Yako mengi yawezekanayo kwa vitu vya nyumbani, mradi mwenye chombo ajue mpaka wa tiba hizo.

Ubao hunywa maji ukavimba, nao hukauka ukasinyaa. Kwa hiyo mtumbwi uliokaa juani majuma kadhaa huachana viungo hata kama mbao zake ni nzima. Kabla ya kuupigilia misumari, uloweke ukingoni siku moja au mbili. Aghalabu nyufa ndogo hujifunga zenyewe. Usipokuwa kazini, uweke kivulini.

Ukiendelea kuvuja, upandishe nchi kavu, mimina maji kidogo ndani, kisha tia alama ya mkaa kila mahali panapotoa matone. Viungo vikikauka, tumia kalafati, ufundi wa kale wa mwambao: pamba husokotwa, huchovywa mafuta ya nazi, kisha hushindiliwa kwa patasi butu. Kwetu, mahali pa mafuta ya nazi panaweza kuchukuliwa na nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na shahamu ya ng'ombe, ikapakwa juu ya pamba. Chombo cha kuyeyushia kiwekwe ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta huwaka.

Ufa ukifunguka katikati ya maji, kipande cha sabuni ya mche kikisindikwa humo huzuia maji kwa muda. Kazi yake ni kuwafikisha pwani tu, kwani sabuni huyeyuka.

Hata hivyo, si kila desturi ya mwambao hutufaa. Mabaharia wa huko hupaka chini ya chombo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili kuwazuia viumbe wanaotoboa mbao. Viumbe hao ni wa maji ya chumvi; hawamo katika Nile. Adui wa mtumbwi wetu ni kuoza, na mlango wake ni maji ya mvua yanayotuama ndani. Yafue kila siku, ondoa tope, uache upepo upite. Oili chafu ya injini, ambayo wengine huipaka, huchafua maji yanayonywewa na huzuia rangi isishike.

Mwisho, dunga ubao kwa ncha ya msumari. Ukizama kwa urahisi, ubao umeoza. Hapo nta na pamba havina kazi, ni lazima fundi aubadilishe.

Tena hakuna kalafati inayoponya shehena iliyozidi. Mwezi Machi 2014, boti iliyojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka Uganda ilizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Chombo kizima, abiria wa kiasi na jaketi la kuokolea kwa kila mmoja: hayo matatu hayatenganishwi.