Supu ya tambi: Mtoto asipewe mchuzi mtupu

Katika baridi ya Juni na Julai hapa Sumbawanga, supu ya moto ni neema. Leo tunapika supu ya tambi ya Wavietnam, iitwayo pho, ambayo kwao huliwa sana asubuhi. Viungo vyake unavijua kwenye pilau. Nyama ni ya ng'ombe. Hakikisha imechinjwa kisharia.

Ufipa tuna mahindi, maharage, ulezi na samaki wa Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kushiba ugali peke yake hakutoshi. Mtoto anahitaji mlo mchanganyiko, na usafi unaomkinga na kuhara.

Mahitaji (watu 6)
Mifupa kilo 1, nyama nusu kilo, tambi nusu kilo (za mchele, au za ngano ukizikosa), vitunguu 2, kipande cha tangawizi, kijiti cha mdalasini, karafuu 3, karoti, mchicha, ndimu na chumvi yenye madini joto.

Namna ya kupika
1. Osha mikono kwa sabuni. Chemsha mifupa dakika 10, mwaga maji hayo, kisha weka maji mapya lita 4.
2. Choma vitunguu na tangawizi juu ya makaa, menya palipoungua, tia chunguni pamoja na mdalasini na karafuu. Acha ichemke kwa moto mdogo saa 3 hadi 4. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na nyama huchelewa kuiva kuliko Tanga au Dar es Salaam.
3. Engua mafuta. Kata nyama vipande vyembamba, ipike humo hadi iive kabisa. Wavietnam wengine humimina mchuzi wa moto juu ya nyama mbichi. Tusiige hilo, kwani nyama isiyoiva huweza kuleta tegu.
4. Tia karoti, kisha mchicha mwishoni. Tambi zichemshe pembeni. Toa fungu la mtoto mdogo, ndipo utie chumvi na ndimu.

Fungu la mtoto
Katika nyumba nyingi mtoto hupewa mchuzi, nyama ikabaki kwa wakubwa. Mchuzi una ladha, lakini sehemu kubwa ni maji. Protini na madini ya chuma yamo kwenye nyama yenyewe. Aliyetimiza miezi sita mpondee nyama, tambi na mboga hadi zilainike, naye aendelee kunyonya. Nyama ikikosekana, tumia dagaa waliosagwa au maharage yaliyoiva vizuri.

Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) azidishe maji anapopika mchuzi, ili awakumbuke majirani zake (Muslim). Basi zidisha maji kwa ajili ya jirani, ila fungu la nyama la mtoto usilipunguze.