Uvimbe wa Korodani: Kijana Asijifiche



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza juu ya mishahara, saa za ziada na ajali za mashine. Leo tunataka kueleza jambo ambalo wanaume hawalitaji hata wanapobadili nguo pamoja baada ya zamu, nalo ni kansa ya korodani. Kina mama nao wasome, maana wakati mwingine mke ndiye anayegundua kwanza.

Kansa hii si ugonjwa wa wazee. Huwapata zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40, yaani wale wale wanaopewa kazi nzito kwa sababu wana nguvu. Kwetu Waafrika ni ugonjwa wa nadra. Hilo ni la kushukuru, lakini lina hasara yake, kwani jambo la nadra halifikiriwi. Kijana akiona korodani moja imekuwa kubwa husema ni mshipa, au ni busha, au aliinua gunia vibaya. Hunywa dawa za miti miezi sita. Mwingine hunyamaza kwa kuogopa kwamba ataambiwa ameleta ugonjwa wa zinaa nyumbani. Ukweli ni kwamba kansa hii haitokani na zinaa, wala kubeba mizigo, wala baiskeli, wala uchawi, na haiambukizi. Jambo linalojulikana wazi kuongeza hatari ni korodani ambayo haikushuka mahali pake utotoni. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa kiume aliyefika miezi 6 na korodani moja haijashuka, ampeleke kwa daktari. Operesheni yafaa ifanyike kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu.

Dalili yenyewe ni ndogo, na hapo ndipo hatari ilipo. Ni kijivimbe kigumu ndani ya korodani, au korodani yote kuwa ngumu na nzito kuliko mwenzake, na mara nyingi haiumi. Mtu aliyezoea kazi ya mikono hukimbilia daktari kwa maumivu, kisichouma hukiacha. Ugonjwa ukiachwa hupanda kwenye tezi zilizo nyuma ya tumbo, na mgonjwa huanza kulalamika mgongo. Ukifika mapafuni, hukohoa, na watu husema ni kifua kikuu. Wengine huvimba matiti. Njia ya kujipima ni rahisi: ukioga kwa maji ya moto, shika kila korodani kwa vidole, uizungushe polepole. Nyuma yake utakuta kitu laini kama kamba. Hicho ni cha kawaida. Ukikuta kitu kigumu katika korodani yenyewe, usingoje mwisho wa mwezi.

Hospitalini daktari atapiga picha ya altrasaundi, ambayo haiumi, na atapima damu. Katika damu hutafutwa vitu ambavyo kansa hii hutoa. Kimojawapo ni kile kile kinachoonekana katika kipimo cha mimba, na imewahi kutokea mwanaume kupimwa kwa kipimo hicho kikaonyesha kwamba ana mimba! Kicheko hicho kilikuwa ugonjwa. Korodani yenye kansa huondolewa kupitia mkato wa kinenani, chini ya tumbo. Tunasisitiza hapo kwa sababu kuna watu wanaojitolea kutoboa uvimbe kwa sindano ili kutoa maji. Uvimbe mgumu usikubali utobolewe kabla haujapigwa picha.

Sasa tufike kwenye hofu yenyewe. Kijana husikia neno kansa akaona kaburi. Kwa kansa nyingine hofu hiyo ina sababu, kwa hii haina. Hadi mwanzo wa miaka ya 1970, wale ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa waliopona walikuwa wachache mno. Kisha katika Marekani Profesa Barnett Rosenberg, ambaye mwaka 1965 alikuwa akichunguza nguvu za umeme juu ya vijidudu, aliona kwamba vijidudu vile viliacha kugawanyika kwa sababu ya madini ya platini yaliyotoka katika vyuma vyake vya umeme. Kutokana na bahati hiyo ikapatikana dawa ya sisplatini. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Indiana, Daktari Lawrence Einhorn alimpa dawa hiyo, pamoja na nyingine mbili, mwanafunzi aitwaye John Cleland, ambaye kansa ilikuwa imejaa mapafuni mwake na dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Akapona. Akawa mwalimu, na miaka 40 baadaye alikuwa bado hai. Leo katika wagonjwa 100 waliowahi mapema, zaidi ya 95 hupona kabisa, na hata katika wale ambao ugonjwa umesambaa, karibu 80 hupona. Tena dawa hizo si mpya wala si za siri. Zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hapa kwetu pia mambo yamebadilika. Zamani mtu wa Kigali mwenye kansa, kama ana uwezo, alitafuta tiba Kampala, Nairobi au India. Asiye na uwezo alirudi nyumbani. Tangu Julai 2012 kuna kituo cha kansa katika hospitali ya Butaro, huko milimani Burera, na tangu 2019 kuna matibabu ya mionzi katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, hapa hapa Kigali. Mwenye mutuelle aanzie kituo cha afya, apewe karatasi ya kumpeleka hospitali ya wilaya, na kutoka huko apelekwe hospitali kubwa. Ukiruka ngazi, bili itakuangukia mwenyewe. Mwenye bima ya wafanyakazi ya RSSB hulipa asilimia 15. Kabla ya kuanza, uliza kwa maandishi bima yako inalipa nini na haikulipi nini. Mfanyakazi akishakuwa kitandani hana nguvu ya kubishana na karani.

Si kila mtu hupewa dawa baada ya operesheni. Ugonjwa ukiwa bado haujatoka nje ya korodani, wengine hufuatiliwa tu kwa vipimo. Wanaopewa dawa hupewa kwa mizunguko ya siku 21, mitatu au minne, yaani wiki 9 hadi 12. Siku 5 za kwanza za kila mzunguko hukaa na dripu yenye maji mengi ili figo zisidhurike. Nywele zitaanguka, zitaota tena. Chakula kitachukiza. Jambo la kukumbuka kuliko yote ni homa: ukipata homa katika wiki hizo usimeze vidonge vya malaria ukalala. Nenda hospitali saa ile ile, hata usiku, kwa maana kinga ya mwili iko chini na mtu anaweza kufa kwa maambukizo madogo akiwa njiani kupona kansa.

Na uanaume? Tulijua swali hilo litakuja. Korodani moja iliyobaki ikiwa nzima hutosha kwa sauti, ndevu, tamaa na watoto. Dawa, lakini, hupunguza mbegu za uzazi, kwa wengi kwa mwaka mmoja au miwili, kwa wachache daima. Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza kijana amwulize daktari kama mbegu zake zaweza kuhifadhiwa, hata kama bado hajaoa na anaona haya. Wakati wa dawa na kwa muda daktari atakaotaja baadaye, asimpe mkewe mimba. Wengine huchoka sana hata baada ya kupona, au hupoteza hamu. Mara nyingine ni homoni zimepungua, na hilo lina kipimo na dawa yake.

Kurudi kazini ndiko kunakohusu chama moja kwa moja. Sisplatini huweza kuharibu usikivu na kuleta mlio masikioni. Basi mtu aliyetibiwa asirudishwe penye mashine za kelele bila kinga ya masikio. Huacha pia ganzi katika vidole. Mchumaji chai atalisikia hilo asubuhi ya baridi, na fundi wa cherehani au wa mashine yenye visu lazima aliseme kabla hajakatwa. Dawa nyingine, bleomisini, huweza kudhuru mapafu; anayetibiwa aache sigara, na siku yoyote atakapofanyiwa operesheni, hata baada ya miaka, amwambie mtaalamu wa usingizi kwamba aliwahi kuipata.

Tunajua vijana waliokwenda hospitali kwa kudanganya kazini kwamba ni malaria, kisha wakaandikwa watoro. Sheria ya kazi ya 2018 inatambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Mwajiri ana haki ya kuona cheti. Hana haki ya kutangaza ugonjwa wako mbele ya zamu nzima. Mpe mwakilishi wa wafanyakazi nakala mapema, naye afunge mdomo wake. Anayeumia zaidi ni kibarua wa siku, asiye na mkataba, ambaye kila siku ya dripu ni siku bila faranga. Kwa huyo wenzake huchanga nauli, na tumeona michango ya namna hiyo ikifanyika; lakini mchango si mkataba, na katika mazungumzo na waajiri suala la vibarua wa kudumu wasioandikwa lazima liendelee kudaiwa.

Baada ya tiba kuna vipimo vya damu na picha kwa miaka kadhaa, vya karibu karibu katika miaka miwili ya kwanza, kwa maana ugonjwa ukirudi, kwa kawaida hurudi wakati huo, na ukionekana mapema bado hutibika. Korodani ya pili nayo iendelee kupimwa kwa mkono kila mwezi. Tarehe za vipimo ziandikwe, na msimamizi wa zamu apewe mapema, ili asiseme hakuambiwa.