Mgeni mmoja, mataulo mangapi?

Hivi wewe msomaji, mgeni akija kulala kwako siku tatu, tena mgeni wa kulipia, unamwekea mataulo mangapi kitandani? Moja? Mawili? Au na wewe ni wa yale mambo ya hoteli kubwa, taulo linakunjwa mpaka linafanana na bata maji? Usicheke. Mimi na mume wangu swali hili lilitufanya tule chakula cha usiku kimya kimya karibu wiki nzima, na sio siri, kilichokuwa mezani hakikuwa taulo tu.

Tunaishi Chitete, Songwe. Kwa wasiopajua, hapa ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, wilaya iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012. Sasa unajua tena, penye ofisi za serikali hapakosi wageni wa ofisi. Kuna mkaguzi wa siku nne, mkandarasi wa wiki tatu, mtumishi aliyehamishwa ambaye bado anatafuta nyumba, na watu wa semina. Wengi hulala Tunduma mpakani, ambako gesti ni nyingi kwa sababu ya madereva wa malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Lakini wapo wanaotaka kulala karibu na kazi, tena mahali pasipo na muziki wa baa. Hao ndo wetu. Tuna vyumba viwili vya uani, kila kimoja na choo chake ndani. Tukaweka vitanda, neti na meza, tukaanza kupangisha kwa siku.

Ugomvi uliletwa na safari. Mume wangu alikwenda Dar kikazi, wenzake wakamchukulia chumba katika zile nyumba za kukodi kwa siku kupitia mtandao. Akarudi na ripoti kamili. Kila kitanda mataulo manne makubwa, mawili madogo, na moja la kukanyagia. "Mama, na sie tuweke hivyo hivyo," akaniambia. "Mgeni hapimiwi."

Nikamuuliza swali moja tu. Nani atayafua?

Nusu kilo, kavu

Tufanye hesabu kidogo, haitauma. Taulo kubwa la kawaida lina upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 140. Kama kitambaa chake kina gramu 500 kwa mita moja ya mraba, taulo hilo moja lina uzito wa karibu nusu kilo likiwa kavu. Manne kila chumba, vyumba viwili, hayo ni manane, yaani kilo nne kavu. Yatie kwenye beseni, yanywe maji, kisha uyatoe moja moja kwa mikono na uyakamue. Kilo nne hazipo tena hapo, na aliyewahi kukamua taulo zito ananielewa. Zile nyumba za Dar zina mashine, au zina dobi anayekuja na gari. Kwetu kuna beseni, kamba, na dada anayetusaidia kazi.

Ndo maana nasema hakikuwa taulo tu. Huyu dada tulimchukua kwa ajili ya nyumba yetu, kwa mshahara wa kazi za nyumba yetu. Ukarimu wa mume wangu ulikuwa unatoka kwenye viganja vya mtu mwingine. Wanaume wengi wakarimu kwa staili hii, wanasema "karibuni tu" halafu kuna mtu jikoni anahesabu vikombe. Nilimwambia hivyo, kwa upole kiasi. Hakupenda.

Jumamosi moja dada alikwenda kwao, na siku hiyo hiyo vyumba vyote viwili vilikuwa vimeondokewa asubuhi. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisi ya kumalizia. Mume wangu akafua. Sikumlazimisha, alisema mwenyewe "nipe, ni kitu gani?" Akaanza saa tatu. Saa sita na nusu nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mataulo matano kamba­ni, matatu bado yanamsubiri. Akaniangalia, akasema, "Hivi mtu mmoja anahitaji mawili ya nini?"

Jioni tuliongea vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Tukakubaliana kwamba kufua vitu vya wageni ni kazi ya biashara, kwa hiyo ina malipo yake mbali na mshahara wa nyumbani. Dada aliporudi tukakaa naye, akataja bei yake, shilingi 500 kwa kila taulo kubwa, na sie tukaiingiza kwenye bei ya chumba. Tangu siku hiyo kila taulo lina bei ya kufuliwa, na mume wangu ndiye anayehesabu kwa makini kuliko wote. We acha tu.

Sasa, mangapi?

Jibu letu ni hili: kila mgeni taulo moja kubwa na moja dogo la uso na mikono. Wakiwa wawili, makubwa mawili na madogo mawili. Anayekaa zaidi ya siku tatu tunambadilishia siku ya nne, na anayetaka kabla ya hapo anasema tu, anapewa bila kununiwa. Akina dada wenye nywele ndefu huomba la pili kwa ajili ya kichwa, na wana haki.

Nasisitiza hapo kwenye wawili. Gesti nyingi humwekea mtu na mpenzi wake taulo moja, eti wanapendana. Mapenzi yana mipaka yake jamani! Mnakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalivyosambaa Dar na mikoa mingine? Ugonjwa ule huhamia kwa mikono na kwa vitu tunavyojifutia uso. Trakoma nayo, ambayo imepofusha watu nchini kwetu, inapenda njia hiyo hiyo. Watafiti walifanya kazi kubwa Kongwa, Dodoma, wakachapisha mwaka 1995 matokeo yaliyoonyesha kwamba uso safi wa mtoto ni silaha dhidi ya trakoma kali. Uso huo ukishaoshwa, unafutwa na nini? Ndo hoja yangu. Fangasi wa ngozi nao hawaulizi kama mmefunga ndoa.

Stoo ni hadithi nyingine. Watu wa hoteli wana kanuni ya zamani: kwa kila kitanda uwe na seti tatu, moja inatumika, moja inafuliwa, moja imepumzika kabatini. Vyumba vyetu viwili hulaza watu wanne, kwa hiyo ni makubwa 12 na madogo 12. Kiangazi yanatosha kabisa. Masika huku huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, na kuna siku taulo linakaa kambani tangu asubuhi mpaka jioni na bado linanuka ubichi. Tuliongeza seti moja kwa ajili ya miezi hiyo. Ubichi haufichiki kwa manukato. Tena ile dawa ya kulainisha nguo, achana nayo kwenye mataulo, inaacha utando na taulo linakataa kunyonya maji. Jua, na siku za mvua pasi ya moto pande zote mbili, basi.

Taulo lililo kwenye begi

Kuna kitu niligundua mwenyewe wakati wa kusafisha vyumba. Wageni wetu wengi wanakuja na taulo lao. Mtanzania aliyelala gesti nyingi anajua atakachokuta: taulo jembamba, kipande cha sabuni, ndala za plastiki mlangoni. Ndala anavaa, sabuni anafungua, taulo halishiki. Akina mama wanaoga na kanga zao na kujifunga hizo hizo. Kwa hiyo hata ukimwekea manne, kama haamini kwamba ni safi, umemwekea mapambo.

Hapo mimi na mume wangu tulibishana tena, safari hii kwa kicheko. Yeye alitaka rangi ya damu ya mzee, kwa sababu vumbi letu jekundu halionekani juu yake. Mimi nilitaka nyeupe kwa sababu hiyo hiyo. Mtu asiyekujua anataka kuona, na nyeupe haidanganyi. Unaichemsha, unatia jiki, doa likigoma unalitoa kwenye mzunguko. Nyeupe ilishinda. Lakini damu ya mzee haikukosa kazi. Tulinunua vipande vinne vya mtumba, viwili kila chumba, kimoja cha kufutia vipodozi na kimoja cha viatu. Kabla ya hapo viatu vilifutwa kwa nilichokipigania.

Kuhusu kutumia taulo zaidi ya siku moja, wapo wanaoweka kikaratasi bafuni. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la hotelini. Kikaratasi cha kawaida cha kutunza mazingira kilifanya asilimia 35 ya wageni kurudia mataulo yao, lakini kilichosema kwamba wageni wengi wenzao huyarudia kilifikisha asilimia 44. Binadamu bwana! Sie hatukuweka kikaratasi. Tuligongomea misumari miwili imara ya kuanikia ndani ya kila chumba, maana mgeni hawezi kurudia taulo lililolala limejikunja juu ya kitanda. Misumari imefanya kazi bila kuandika neno.

Yanapotea? Yanapotea, mawili tangu tuanze. Hatupekui mabegi ya watu, tunaweka gharama hiyo kwenye bei kama tunavyoweka balbu. Mengi zaidi hayapotei, yanachoka. Yakifika hapo dada huyakata katikati, nusu ya deki, nusu ya kukanyagia mlangoni. Kwa hiyo lile taulo la miguu alilolisifia mume wangu kule Dar sasa tunalo, na hatukulinunua.