Wapigangoma wa Kandy na Sadaka ya Sauti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua halijachomoza juu ya ziwa la Kandy, ngoma huanza kulia katika Hekalu la Jino Takatifu, ambalo watu wa Sri Lanka huliita Dalada Maligawa. Zitalia tena saa tatu na nusu asubuhi, na mara ya mwisho saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndivyo ilivyo kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Ghorofani, watawa huandaa chakula, maji na maua mbele ya kasha la dhahabu lenye jino ambalo waumini huamini kuwa ni la Buddha mwenyewe. Chini, wapigangoma wamesimama kifua wazi, wamejifunga shuka nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni. Watu wamejaa, wamevaa nyeupe, mikononi wameshika yungiyungi na asumini. Ngoma zinaponyamaza hakuna anayepiga makofi.

Makofi ya nini? Hapa hapana onyesho. Muumini analeta ua, mwingine analeta taa ya mafuta, na fundi wa ngoma analeta sauti. Kwa Kisinhala ibada hiyo huitwa sabda puja, yaani sadaka ya sauti, na hukamilika kwa aina tano za mlio: ngoma ya kiganja, ngoma ya vijiti, ngoma ya kijiti na kiganja pamoja, matoazi, na vyombo vya kupuliza. Dawula, ile ngoma ya mviringo inayoning'inia kiunoni, hupigwa kijiti upande mmoja na mkono mtupu upande wa pili. Tammettama ni ngoma ndogo mbili zilizounganishwa, nazo hupigwa kwa vijiti vyenye ncha iliyokunjwa duara. Juu ya mlio wa ngoma hizo hupanda sauti ya horanewa, chombo cha ukoo mmoja na zumari tunayoijua Lamu, ambacho mpigaji wake hupuliza bila kukata pumzi.

Mtu anayejua kidogo mafundisho ya Buddha atashangaa. Dini hii hii inawakataza watawa wake ngoma, nyimbo na michezo. Hata raia wa kawaida anayeshika amri nane siku ya Poya, siku ya mwezi mpevu ambayo Sri Lanka yote hupumzika, hujinyima muziki mpaka kesho yake. Buddha aliwaonya watawa wasiyaimbe mafundisho kwa sauti ya kuvutavuta, kwa kuwa mwimbaji hunogewa na sauti yake mwenyewe, wasikilizaji nao hunogewa nayo, na utulivu wa moyo hupotea. Onyo hilo ni zito, nami naliona ni la kweli. Nani hajamwona msanii aliyelewa sifa, akaishi kwa kiu ya shangwe ya jana?

Hata hivyo, Buddha huyo huyo alipotaka kumponya mtawa mmoja aliyeitwa Sona, alitumia muziki. Sona alikuwa amejitesa kwa juhudi, akatembea katika tafakuri hadi nyayo zikatoka damu, na furaha hakuipata. Kabla ya utawa alikuwa mpigaji hodari wa kinanda cha nyuzi. Buddha akamuuliza: uzi ukikazwa mno unatoa sauti nzuri? Hapana. Ukilegezwa mno je? Hapana. Basi juhudi nayo ni vivyo hivyo. Mwalimu aliyeujua muziki namna hiyo hakuuchukia. Alichokikataa ni moyo kung'ang'ania.

Wapigangoma wa Kandy wamepata njia ya kupita hapo katikati, nayo ni utoaji. Mafundisho yanasema mtoaji hufurahi mara tatu: kabla ya kutoa, wakati wa kutoa na baada ya kutoa. Itazame kazi ya mpigangoma kwa jicho hilo. Anafurahi anapooga, anapojifunga shuka safi na kukaza kamba za ngoma yake. Anafurahi anapopiga, moyo wake ukiwa umetulia katika mapigo. Akimaliza anafurahi tena, kwa sababu sauti imekwenda na haimdai kitu. Waswahili tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Muziki unafaa sana kuwa sadaka, kwa maana hakuna awezaye kuufungia kabatini.

Ufundi wenyewe ni urithi. Katika nyumba za Waberava, tabaka la wapigangoma, mtoto huanza kwa mdomo kabla ya mkono: tat, jit, ton, nam. Akishazitamka sauti hizo nne bila kujikwaa ndipo hupewa ngoma. Tangu enzi za wafalme, familia hizo zililima mashamba ya hekalu na kulipa kwa zamu za kupiga. Waingereza waliiteka Kandy mwaka 1815, na katika miaka ya 1830 wakafuta kazi ya lazima ya mfalme, lakini zamu za hekaluni ziliendelea.

Na hapa pana jambo linaloniuma. Kwa karne nyingi Waberava wamehesabiwa watu wa chini. Ngoma yao ilifungua kila ibada, ikatangulia ndovu katika maandamano ya Esala Perahera kila Julai au Agosti, na bado jirani hakutaka kuoana nao. Buddha alifundisha waziwazi kwamba mtu hawi duni kwa kuzaliwa, ila kwa matendo yake. Karne ya 20 ilileta nafuu: ngoma na dansi za Kandy ziliingia shuleni, watoto wa matabaka yote wakazijifunza, na mafundi wa Kiberava wakawa walimu. Dharau haijaisha, na hakuna andiko la Buddha linaloihalalisha.

Ukijaliwa kufika Kandy, nenda alfajiri. Kabla ya kupanda ghorofani pamoja na umati kuliona kasha la dhahabu, simama kwanza chini, karibu na wapigangoma, uwasikilize hadi wamalize. Usipige makofi. Waheshimu tu, maana wamekupa sehemu ya ibada yao bila kukuomba chochote.