Mvua ya Mabati Ndani ya Kompyuta

Rekodi sekunde 20 za mvua ya Aprili ikipiga mabati pale Langas, Eldoret, kisha itake kompyuta iirefushe ifike dakika tatu kwa ajili ya filamu. Ukiirudiarudia tu, sikio litakunasa upesi, maana tone lile lile kubwa linarejea kila baada ya sekunde 20. Ukitumia programu iliyotengenezwa kurefusha noti za gitaa, mvua inatoka na vimiluzi vinavyoelea ndani yake.

Vimiluzi hivyo vinatokana na njia yenyewe ya uchambuzi. Kwa kufuata hesabu za Mfaransa Joseph Fourier, sauti hugawanywa kuwa mawimbi sahili, kila moja na kasi yake ya mtetemo na nguvu yake. Kompyuta huikata rekodi vipande vifupi. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, kipande cha sampuli 2,048 ni takriban sehemu 46 kati ya 1,000 za sekunde. Mwaka 1986 Robert McAulay na Thomas Quatieri walichapisha namna ya kufuatilia vilele vya mawimbi hayo kutoka kipande hadi kipande na kuviunga kuwa mistari. Uzi wa chepkong'o, kinubi cha Wakalenjin, ukiguswa, mistari hiyo huonekana wazi. Mvua haina mistari. Vilele vinazuka na kuzimika kwa bahati tu, na programu ikilazimisha kuviunga, inazaa miluzi ambayo haikuwahi kuwapo.

Xavier Serra, katika tasnifu yake ya mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Stanford, alizitenga sehemu mbili za sauti, yenye mistari na isiyo nayo. Itafute kwanza mistari ya kweli, iunde upya, kisha iondoe kwenye sauti ya asili. Kinachobaki ni kelele: pumzi ya mpiga filimbi, mkwaruzo wa kidole kwenye uzi. Kelele hiyo haihifadhiwi wimbi kwa wimbi. Huhifadhiwa kiasi cha nguvu yake kwenye sauti za chini, za katikati na za juu, na jinsi kinavyobadilika. Wakati wa kuiunda upya, kompyuta huzalisha nambari za kubahatisha na kuzipitisha kwenye chujio lenye vipimo hivyo. Mvua inayotoka ni mpya kabisa, na unaweza kuirefusha utakavyo.

Sikio linaikubali kwa sababu halihesabu matone. Linapima kelele kama muuza mahindi anavyopima kwa gorogoro, bila kujali punje ipi imekaa wapi. Mwaka 2011 Josh McDermott na Eero Simoncelli walionyesha kwamba sauti nyingi za aina hii, mvua ikiwamo, zinaweza kuundwa upya kutokana na takwimu zake tu, na wasikilizaji wakazitambua.

Mvua ya mawe, ambayo Uasin Gishu tunaijua vizuri, inaushinda mfumo wa Serra. Kila kipande cha barafu hugonga bati ghafla, na pigo hilo ni fupi mno kuliko kipande cha uchambuzi. Likiundwa upya kwa nambari za kubahatisha, nguvu yake inasambaa kwenye kipande kizima, “ta!” inageuka “fff”. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliongeza tabaka la tatu, la mapigo ya ghafla peke yake.

Linalonigusa zaidi ni rekodi za zamani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, huko Kapkatet, na mwaka 2014 nakala zilirudishwa kwa jamii. Ukizisafisha rekodi za aina hiyo kwa pupa, unafuta pia sauti ya kidole kwenye uzi, na kinubi kinabaki na noti zisizo na mkono wa mtu. Hesabu inaijua kelele. Haijui ipi ni ya mashine na ipi ni ya mpigaji. Programu nyingi za kusafisha hutumia sampuli ya kelele ya mashine na chumba ikiwa peke yake. Kwa hiyo nawasihi wanaowarekodi wazee wetu sasa: washeni kinasa sauti, mnyamaze sekunde kumi, ndipo mpigaji aguse uzi wa kwanza, na msizikate sekunde hizo mnapohifadhi faili.