Insha Nayo Yahitaji Palizi



Binti wa mwenzetu mmoja alirudi nyumbani na daftari la insha. Alama zilikuwa 7 kwa 20, na ukurasa mzima umejaa kalamu nyekundu. Baba akamgombeza. Msichana naye akasema ati hana kipawa, afadhali aache shule atafute kibarua. Kumbe shida haikuwa kipawa. Alikuwa akiandika mara moja tu, anafunga daftari, basi.

Sisi wakulima twajua kwamba shamba halipandwi likaachwa hivyo hivyo mpaka mavuno. Insha pia hupaliliwa. Nakala ya kwanza ni ya kutoa mawazo kichwani, na si lazima iwe safi. Kazi yenyewe huanza mtoto anapoisoma tena.

Jioni moja nyanya yake, ambaye hajui kusoma, alimwambia amsomee. Msichana akasoma: "Siku moja mvua ilinyesha na tukaenda shule na mto ulikuwa umejaa na tukaogopa na tukarudi." Nyanya akauliza: "Mvua ilinyesha saa ngapi? Mlijuaje kwamba mto umejaa?" Msichana akajibu kwa mdomo, kisha akayaandika majibu yake:

"Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulipofika mtoni, maji yalikuwa yamefunika mawe tunayokanyaga tukivuka. Tuliogopa, tukarudi nyumbani."

Habari ni ile ile, lakini sasa msomaji anauona mto. Tena wale "na" wengi wamepungua. Hakuna aliyemwandikia; aliulizwa tu, akafikiri.

Je, sisi tutasaidiaje nyumbani?

1. Mtoto aandike nakala ya kwanza kwa penseli, kwenye kurasa zilizobaki za daftari la zamani. Hakuna gharama.

2. Aiweke hadi kesho yake. Akiisoma palepale, macho yake yataona alichotaka kusema, si alichoandika.

3. Amsomee mtu kwa sauti. Msikilizaji aulize pale asipoelewa. Asicheke, wala asimwandikie.

4. Kwanza arekebishe maana na mpango: kipi kianze, kipi kiondolewe, kipi kiongezwe. Tahajia na vituo ni vya mwisho. Ya nini kusafisha sentensi ambayo pengine itafutwa?

5. Aandike nakala safi, kisha azilinganishe zote mbili. Hapo ndipo atajionea mwenyewe alipofika.

Mzazi mwingine atauliza: "Kwenye mtihani si hakuna wakati wa kuandika mara mbili?" Ni kweli. Katika karatasi ya insha ya KCSE, mwanafunzi huandika insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, na kila moja isipungue maneno 400. Lakini aliyezoea kurekebisha nyumbani huanza kuyasikia makosa yake kabla hayajafika kwenye karatasi. Mpango huja mapema, na dakika chache za mwisho anajua azitumie kutafuta nini.

Yule msichana hakupata alama zote. Insha iliyofuata alipata 11, iliyofuata tena 12. Lakini habari ya kuacha shule hatukuisikia tena. Aliona kwamba kuandika vibaya mara ya kwanza si aibu, ni mwanzo.

Nasi pia tujifunze hapo. Barua ngapi za kikundi zimeandikwa usiku mmoja na katibu peke yake, zikapelekwa ofisini bila kusomwa mbele ya wanachama? Barua nayo ipaliliwe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
- Mtoto akileta daftari lenye kalamu nyekundu, neno lako la kwanza huwa ni lipi?
- Nani nyumbani kwako anaweza kumsikiliza mtoto akisoma, hata dakika kumi kila jioni?
- Barua ya mwisho ya kikundi chetu, ilisomwa na wangapi kabla ya kutumwa?